Miti Saba ya Kamukunji

Ukipanda matatu Muthurwa kuelekea Jogoo Road, makanga ataziita steji kama anayekariri shairi: Makongeni, Kaloleni, Mbotela, Bahati, Maringo, Jericho. Mtoto anayepakatwa na mamake ili asilipiwe nauli huyasikia majina haya kabla hajajua kuandika lake. Akifika miaka mitano hivi, umri wa kuuliza kila kitu, atauliza: "Mathe, Mbotela ni nani?" Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba Mbotela si mtu. Mbotela ni steji.

Lakini Mbotela alikuwa mtu. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa Kenya African Union, yaani KAU, na aliuawa Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Ofafa naye, huyo wa Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na Ofafa Kunguni (ndiyo, kunguni, watu wa Eastlands hawana kawaida ya kuficha shida zao), alikuwa Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, aliyepigwa risasi mwaka 1953. Kariokor ni matamshi yetu ya Carrier Corps, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea watu waliobomolewa nyumba zao Pangani. Mtaa mzima ni historia ya nani aliruhusiwa kulala wapi, kufanya kazi gani, na kusema nini.

Mimi hukaa na watoto Jumamosi asubuhi kwenye chumba tulichoazimwa, tunasoma. Ni watoto wa miaka minne hadi minane, na kitabu kisicho na picha kwao ni tofali. Kwa hivyo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafuta kitu kimoja tu: kitabu cha picha kinachoweza kumweleza mtoto wa hapa jinsi watu wa hapa walivyodai haki zao. Nilichokipata kinafaa kusimuliwa, na nisichokipata hata zaidi.

Kwa Wamarekani jambo hili lina rafu yake nzima. Kuna The Story of Ruby Bridges cha Robert Coles, kilichotoka mwaka 1995, kinachomhusu msichana wa miaka sita ambaye tarehe 14 Novemba 1960 aliingia shule ya William Frantz, New Orleans, iliyokuwa ya watoto wazungu peke yao, akisindikizwa na maafisa wa serikali kuu. Kuna Martin's Big Words cha Doreen Rappaport cha mwaka 2001. Kuna Rosa cha Nikki Giovanni cha mwaka 2005. Ukitaka kujua kwa nini vitabu hivi hufanya kazi, mtazame Ruby. Shujaa ana umri wa msomaji, shule ina jina, mji una jina, na wale wanaopiga kelele nje ya lango si majini wala mazimwi. Ni watu wazima waliovaa nguo safi, ambao mtoto angeweza kuwaamkia barabarani. Mtoto anaelewa kwamba mtu wa kawaida anaweza kufanya ubaya mchana kweupe.

Hata huko si mteremko. Mwaka 2021, katika jimbo la Tennessee, kikundi cha wazazi kililalamikia kitabu ambacho Ruby Bridges mwenyewe aliwaandikia watoto wadogo. Moja ya sababu ni kwamba kilisema kundi la wazungu lilikuwa na hasira. Yaani kosa halikuwa hasira yenyewe, kosa lilikuwa kuitaja. Kumbuka jambo hilo, kwa maana tutalikuta tena hapa kwetu limevaa nguo nyingine.

Vitabu vya aina hii vinafika Nairobi. Vingine huja kwenye maboksi ya msaada, vingine utavipata kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza mali yao chini kule tao. Ndiyo maana nimekutana na watoto wa Kayole wanaomjua Rosa Parks na basi lake, lakini Muthoni Nyanjiru hawajawahi kumsikia. Sina neno na Rosa Parks. Ila hilo basi lilikuwa Alabama, na kwa mtoto wa Kayole haki inakuwa kitu kilichotokea kwa watu wengine, mbali, kwa Kiingereza.

Mkenya mmoja, hata hivyo, amepata vitabu vya picha tele: Wangari Maathai. Baada ya kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, waandishi wa watoto walimkimbilia. Mwaka 2008 pekee vilitoka viwili, Wangari's Trees of Peace cha Jeanette Winter na Planting the Trees of Kenya cha Claire Nivola. Mwaka 2010 kikaja Mama Miti cha Donna Jo Napoli, chenye picha za Kadir Nelson alizozitengeneza kwa rangi ya mafuta na vipande vya vitambaa vinavyofanana na kanga na vitenge vyetu. Ni kizuri sana kwa macho. Nikikifungua Jumamosi, watoto hugusa kurasa wakidhani ni nguo kweli. Halafu kuna A Tiny Seed cha Nicola Rijsdijk na mchoraji Maya Marshak, kilichotengenezwa Afrika Kusini na shirika la Book Dash. Hiki kinapatikana kwa Kiswahili, ni cha bure, na unaruhusiwa kukichapisha mwenyewe. Kwetu ndicho kinachosomwa zaidi, kwa sababu hiyo ya bure.

Sasa soma ujumbe wake. Katika Mama Miti, wanawake wanamjia Wangari mmoja mmoja na shida zao, wa njaa, wa kuni, wa mifugo, naye anawapa mti wa kutibu kila shida. Katika A Tiny Seed, msichana wa kijijini anapenda miti, anaenda Marekani kusoma, anarudi, anapanda na wenzake, anapewa tuzo, anafariki, nasi tunamkumbuka. Hakuna polisi hata mmoja. Hakuna rais. Hakuna ile ghorofa ya orofa 60 ambayo serikali ya Moi ilitaka kuisimamisha Uhuru Park mwaka 1989, na Wangari akaandika barua baada ya barua hadi wafadhili wakajitoa. Winter anathubutu zaidi. Kwake, mwanamke huyu anapigwa na kufungwa, na mtoto anaona. Lakini hata Winter anaanzia uani, na miche tisa nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana huko uani siko sherehe ilikofanyika. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari na wanawake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana kutoka KICC hadi Kamukunji wakapanda miti saba. Harakati ya Green Belt huhesabu mwanzo wake pale. Kamukunji! Eastlands, jirani ya Gikomba na Shauri Moyo, pale ambapo leo mafundi wa jua kali wanagonga mabati kutengeneza masanduku ya wanafunzi wa bodingi. Na kila mti ulipandwa kwa heshima ya mtu mmoja aliyekwisha kufa: Waiyaki wa Hinga, Wangu wa Makeri, Mekatilili wa Menza, Masaku Ngei, Nabongo Mumia, Ole Lenana na Gor Mahia wa Ogalo. Wangari mwenyewe aliandika baadaye kwamba kati ya ile saba ni miwili tu iliyonusurika.

Tazama zawadi hiyo kwa mwandishi wa watoto. Miti saba, majina saba, ukurasa mmoja kwa kila mti. Tena uwanja wenyewe hauhitaji kuelezwa, mtoto anapita hapo akienda kununuliwa viatu. Lakini vitabu vimemhamisha Wangari kutoka jijini vikamrudisha kijijini. Sababu si siri. Mnunuzi wao mkuu ni shule na maktaba za Marekani, na msomaji wa huko anapofikiria Kenya anafikiria mlima, shamba, na mwanamke aliyeinama. Uwanja wa siasa katikati ya mitaa ya manispaa, wenye vumbi, matatu na mapipa, haukai vizuri kwenye kanga. Mama anayepanda mti ni amani. Mama anayebishana na serikali juu ya ardhi ya umma ni siasa, na siasa tunaambiwa si ya watoto.

Kuna jambo jingine ndani ya majina yale saba, na hili sijaona likiguswa popote. Waiyaki alipambana na Waingereza akakamatwa, akafia Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa pwani. Mekatilili aliwaongoza Wagiriama mwaka 1913, akahamishwa hadi Kisii, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Lakini Mumia na Lenana walishirikiana na Waingereza, na Wangu wa Makeri alikuwa kiongozi chini ya utawala huo huo. Wote wakapandiwa miti katika mstari mmoja. Sijui kama wale wanawake walikusudia hivyo, ila kwangu mimi orodha hiyo ni ya kweli kuliko bango lolote la mashujaa lililobandikwa ukutani shuleni. Watu wetu hawakuwa upande mmoja.

Tuangalie basi vitabu vyetu wenyewe, tusije tukawalaumu Wamarekani tu. Kitabu cha kwanza cha Kiswahili kuhusu uhuru ambacho vizazi vya wanafunzi walikisoma ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Ni habari za watumwa waliookolewa na kuwekwa Freretown, Mombasa, na mwandishi alitoka miongoni mwa kizazi chao. Tom Mbotela, yule wa steji, ni wa ukoo huo huo. Kitabu kinasimulia vizuri, lakini ndani yake uhuru ni kitu unacholetewa na Mwingereza kwa meli, na kazi yako ni kushukuru. Mtoto aliyekisoma darasani Kaloleni miaka ya 1940 alikuwa na babake nyumbani aliyetoka tu kuvua kipande shingoni. Kipande, kwa wasiokijua, kilikuwa karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi iliyowekwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita. Waliokivaa walisema kinawafanya kama mbuzi wa kufungwa kengele. Hiyo ni picha ambayo mtoto wa miaka minne anaielewa bila maelezo.

Aliyejaribu kugeuza mambo ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Kati ya mwaka 1982 na 1986 alitoa vitabu vitatu vya watoto kwa Kikuyu kuhusu kijana maskini anayeitwa Njamba Nene, navyo vikatafsiriwa kwa Kiingereza na Wangui wa Goro. Njamba Nene huchekwa na mwalimu wake kwa nguo zake na lugha yake, lakini watoto wenzake wanapopotea porini ni yeye anayejua njia, kwa sababu alimsikiliza mamake. Katika kitabu cha pili anapewa mkate wa Mau Mau aupeleke, na ndani yake mna bastola. Nimewasomea watoto hadithi hii kwa kuitafsiri papo hapo, na hawapumui. Nina shida nayo, lakini: bastola inatatua kila kitu. Mtoto wa Dandora anajua bastola hufanya nini. Anamjua mtu aliyefanyiwa. Sitaki aamini kwamba haki ni swali la nani ameshika mpini. Hata hivyo heshima yangu kwa Ngũgĩ iko pale pale, kwa kuwa alimpa mtoto adui mwenye uso, na akamfanya mtoto mwenyewe afanye uamuzi.

Miaka ya 1990 kulikuwa na nyumba ndogo ya uchapishaji hapa Nairobi, Sasa Sema. Ilianza na katuni za Kiswahili, Abunuwasi ya Gado ikiwemo mwaka 1996, kisha ikatoa vitabu vyembamba vya maisha ya mashujaa kama Mekatilili. Baadaye ikachukuliwa na Longhorn. Vitabu hivyo vilikuwa vya wenye miaka kumi kwenda juu, maneno mengi, picha kidogo. Kwa wadogo, katika mtaala wa sasa, historia huwasubiri hadi Gredi ya Nne katika somo la Social Studies, na hapo hupewa orodha. Nani, lini, alifanya nini, tamka pamoja. Mtoto anafaulu mtihani bila kujua kwamba jambo lilitokea mita mia tatu kutoka kwao.

Chukua Kaloleni. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940, nyumba za chini zenye nafasi ya nyasi katikati, na ukumbi ambamo KAU ilikuwa ikikutana. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilifanywa jiji kwa hati ya mfalme, kukawa na shangwe kubwa upande wa juu wa mji. Vyama vya wafanyakazi vilisusia. Hili jiji ni la nani, waliuliza, kama sisi tunalala kumi chumbani? Wiki tatu baadaye, tarehe 23 Aprili, KAU na chama cha Wahindi, East African Indian National Congress, walifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni. Akasimama mtu mwembamba mwenye kilemba na ndevu, Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab na kuletwa Kenya akiwa mvulana, ambaye babake alikuwa na mtambo wa kuchapisha hapa mjini. Akataka mkutano utamke kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, tena sasa.

Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Fred Kubai. Kesho yake Nairobi ikagoma. Pumwani, Shauri Moyo, Kariokor, mitaa yote ikanyamaza kazi. Waliofagia, waliopika, waliosukuma mikokoteni na walioendesha teksi wakakaa nyumbani kwa zaidi ya wiki, huku polisi wakirusha gesi ya machozi. Madai yao yalikuwa viongozi waachiliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi mia moja kwa mwezi. Makhan Singh alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na ushee. Hakupigana na mtu, hakushika silaha. Alisema neno mapema kuliko wengine.

Mtaa huo huo wa Kaloleni una maktaba. Katika miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeikarabati pamoja na ile ya Makadara, huku likiendelea na kazi kubwa kwenye McMillan kule tao. McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na siku ile Makhan Singh anahutubia Kaloleni, Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuingia humo kusoma. Kwa hiyo leo mtoto anaweza kuketi kwenye maktaba yenye viti vyake vidogo, Kaloleni, akasoma kuhusu New Orleans. Kuhusu ukumbi wa mtaa wake hakuna ukurasa wa kumfunulia.

Nimewahi kuwasimulia mgomo ule bila kitabu, kwa kuchora ubaoni. Swali la kwanza lilikuwa kama watoto walikula siku hizo mama zao hawakufanya kazi. La pili lilikuwa kama gesi ya machozi ya zamani ilikuwa inawasha kama ya sasa. Nani ana haja ya kuwalinda hawa dhidi ya historia? Mwezi Juni 2024 walikaa ndani wakisikia milipuko. Julai 7, 2025 barabara za kuingia mjini zilifungwa, watu wakauawa, na watoto wakawa wanauliza kwa nini Saba Saba inaitwa hivyo. Inaitwa hivyo kwa sababu ya Kamukunji, tena. Julai 7, 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamekwisha kuzuiliwa kwa kuitisha mkutano pale kudai vyama vingi, na watu wakaenda hata hivyo, wakapigwa risasi. Novemba mwaka uliofuata wakarudi uwanjani. Desemba sheria ya chama kimoja ikaondolewa. Kamukunji ina hadithi ambazo kitabu kimoja cha picha kingezichukua zote bila kusogea hatua kumi.

Wazazi wengine huniambia niwaonyeshe mambo mazuri tu. Nawaelewa. Mtu aliyechoka na vita vya kutafuta karo hataki mwanawe aote ndoto za askari. Lakini kuficha na kuchagua ni mambo mawili. Kwenye vitabu vya picha unaamua nini kionekane na kutoka upande gani. Chukua msako wa Aprili 24, 1954, ulioitwa Operation Anvil, ambapo mitaa hii yetu ilizingirwa alfajiri na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa mstari mbele ya gakunia, mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, naye akitikisa kichwa umekwenda. Huna haja ya kuchora kipigo wala maiti. Chora gunia na macho mawili, halafu mstari wa watu wanaotazama chini. Mtoto ataogopa kidogo, naam. Ataogopa kitu cha kweli, na atakuwa amepakatwa.

Au Muthoni Nyanjiru. Machi 16, 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi ukitaka Harry Thuku aachiliwe, kwa kuwa alikuwa amepinga kipande, kodi, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kwenda mashambani kufanya kazi. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Nyanjiru aliinua nguo yake juu, akawaambia wampe suruali zao wachukue yeye nguo yake. Umati ukasonga, askari wakafyatua, na yeye akawa kati ya wa kwanza kufa. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Miaka sabini baadaye, mapema mwaka 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walipokuwa wamegoma kula Uhuru Park pamoja na Wangari, wengine walivua nguo mbele ya polisi, na kwa mila zetu hiyo ni laana ambayo kijana wa kiume hawezi kuitazama. Vitabu vinaruka jambo hili kwa haya. Mchoraji mzuri angewachora kina mama kwa mgongo, wadogo, chini ya ukurasa, na karao wote wamegeuza nyuso. Hakuna kitu cha aibu hapo kwa mtoto, kila mtoto wa mtaa ameona bibi akikasirika.

Ugumu wa kweli uko kwa Mbotela na Ofafa. Majina yao hayakuwekwa na watu waliogoma. Yaliwekwa na wakoloni, kuwakumbuka Waafrika waliopendelea kwenda polepole, wakauawa na watu walioaminiwa kuwa wa Mau Mau. Serikali ya uhuru ilibadilisha majina ya barabara nyingi za mjini lakini mitaa hii haikuguswa. Mimi nimeandika ukurasa wa Mbotela mara kadhaa kwenye daftari, na toleo ninalolivumilia linasema hivi: Tom alitaka nchi yake iwe huru. Alidhani maneno yatatosha. Wengine walichoka kungoja maneno. Jioni moja walimuua. Nikiwasomea watoto, wanataka kujua nani alikuwa mbaya hapo, na nawaambia kuua ni vibaya, na kungojeshwa pia ni vibaya, tunaendelea. Mzazi mmoja alikasirika kwamba namtetea msaliti. Mwingine, wa Maringo, akakasirika kwamba nawatetea wauaji. Wote wawili wameendelea kuwaleta watoto.

Kuhusu pesa, wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya kiada, maana ndivyo serikali inavyonunua, na kitabu cha hadithi kisicho na idhini ya KICD hakiingii kirahisi shuleni. Rangi ni ghali. Sitawalaani kwa kutochapisha kitu ambacho hakuna wa kukinunua. Lakini Book Dash wametuonyesha njia nyingine: mwandishi, mchoraji, mhariri na mpangaji wa kurasa wanajitolea siku moja, wanamaliza kitabu, wanakiachia kila mtu akitafsiri na kukichapisha. Karatasi sita za A4 zikipigwa pande zote mbili na kukunjwa katikati zinatoa kurasa 24. Saiba yoyote ya Jogoo Road itakufanyia, nyeusi na nyeupe, na rangi watoto watapaka wenyewe. Ninachokosa ni mtu wa kuchora Kamukunji jinsi ilivyokuwa mwaka 1977, kabla ya vibanda kusogea, ili ijulikane kila mti ulisimama wapi. Wanaokumbuka wapo Shauri Moyo. Asubuhi utawakuta wakiota jua nje ya ukumbi, na ukienda na chai wataongea hadi adhuhuri.